Landikruza Yenye Pua ya Mutumbwi

Mama Odette hapendi kuandika mu telephone. Anatuma sauti tu, na kila mara anaanza na kukohoa, kisha anauliza kama mashine inamusikia ao haimusikie. Ile siku hakukohoa. Alisema, "Fifi, Papa Didier ametuacha. Amekufa asubuhi, mu usingizi, hapa Lubumbashi. Kaa chini kwanza." Nilikuwa nimesimama mu atelier yangu, kiwanda changu kidogo cha vyuma hapa Kashikishi, upande wa Zambia wa ziwa Mweru. Kijana mumoja mwenye gari mupya alikuwa ananionyesha picha za bampa, zenye taa nyingi sana mpaka nilikuwa nimemuuliza kama anaenda barabarani ao anaenda kuvua chisense, wale samaki wadogo tunaowaita na taa juu ya maji. Nikazima mashine ya kusude, ile ya kuunga vyuma na moto. Nikamuambia arudi kesho. Akauliza, "Nani amekufa, mama?" Nikasema, "Mutu aliyenifundisha kusude." Akauliza tena, "Ni papa yako?" Swali la kawaida kabisa, lakini niligeuka kukunja waya za mashine, na yule kijana, maskini, akafikiri amenikosea. Akaondoka polepole na telephone yake mukononi.

Namna nilivyofika kwa Papa Didier na Mama Odette, na nani alibakia nyuma ngambo ile ya Mweru, upande wa Congo, si habari ya leo. Nilikuwa musichana mwenye kuanza miaka ya makumi mbili, nilikuwa na mikono na njaa, na wao walikuwa na chumba. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya atelier yao, hapa hapa Kashikishi, kimegawanyika katikati na mabati mazee. Upande ule wanalala wao, upande huu ninalala miye pamoja na magunia ya makaa. Harufu ilikuwa ya chuma cha moto na ya samaki wa kukauka, zimechanganyika mpaka leo siwezi kusikia moja bila kutafuta ingine. Asubuhi Mama Odette alipika uji, mchana bukari, ugali wetu, na chisense na majani ya mihogo, jioni bukari tena, na Papa Didier alisema kila siku, "Odette, leo umejua kupika," na kila siku Mama Odette alimujibu, "Jana nilikuwa nimesahau?" Niliwacheka, na nilikuwa sijacheka muda murefu. Watu wanafikiri mutu anajengwa na mambo makubwa. Miye nilijengwa na lile bati, kwa sababu kila neno la upande ule lilipita, ukitaka ao usipotaka.

Papa Didier alikuwa sudere, fundi wa kusude, wa Lubumbashi, mwenye majivuno ya mujini. Alivaa kofia ya kitambaa na alipenda kusema "bon" mbele ya kila kazi, sawa vile anafungua misa. Lakini ule mwaka macho yake yalikuwa yanazimika. Miaka mingi alikuwa amesude bila kioo kizuri cha kukinga macho, na moto ulikuwa umekula macho polepole. Mutu akisimama mulangoni, aliona kivuli tu. Kazi za karibu alinipa miye, lakini hakuwaambia wateja. Alikaa pembeni kwenye kiti, anasikiliza. Kusude kuzuri kunalia sawa na mafuta ya kukaanga, kubaya kunatema na kukohoa. Akisikia kukohoa, alisema tu, "Fifi, uko mbali. Karibia." Mteja alifikiri mzee anafundisha, kumbe mzee alikuwa anafanya kazi na masikio yake na mikono yangu.

Kisha ikafika miezi ya kufunga ziwa. Mwisho wa mwaka serikali inakataza kuvua, ili samaki wazae, na Kashikishi yote inakaa chini. Mitumbwi inageuzwa tumbo juu muchangani, nyavu zinashonwa, wanaume wanacheza dama na kugombana na wake zao. Katika kimya kile ikaingia Landikruza ya Bashi Mwansa. Ilikuwa gari mzee, bila bampa ya mbele, na mbavu za chini ya milango zimeliwa na kutu mpaka unaweza kuingiza vidole. Bashi Mwansa, maana yake baba ya Mwansa, alikuwa Muzambia, muvuvi wa Puta, kijiji kingine cha kando ya ziwa, toka utoto wake, mutu mukubwa mwenye sauti ya kuita watu ngambo ya maji. Alikuwa ameuzisha mitumbwi na nyavu zote, amenunua ile gari ili abebe samaki badala ya kuwavua. Muke wake, Bana Mwansa, mama ya Mwansa, alishuka nyuma yake, akageuza ndoo yetu, akakaa juu yake bila kuulizwa. "Mwapoleni mukwai," akasalimia, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha soko, "Hii gari ikikufa, hatuna mutumbwi ya kurudia. Mufanye muzuri."

Bashi Mwansa alitaka bampa yenye pua. Alichora muchangani na kijiti: pua ndefu, kali, inashuka chini mpaka karibu na ardhi, sawa na mbele ya mutumbwi. "Maji inapasuka, mutumbwi inapita," alisema. "Muchanga nayo itapasuka." Papa Didier akafurahi, juu ya alipenda kazi ya kuonekana. Miye nikasema, "Bashi Mwansa, pole, lakini muchanga haiko maji. Ukishuka mu korongo, pua itapiga chini mbele ya mapira ya magurudumu. Utalima barabara mpaka Puta." Akanitazama sawa vile kuku imemushauri. "Iwe mwana, weye umeisha kuendesha nini?" Nikasema, "Sijaendesha kitu. Lakini najua chuma ikipiga chini inafanya namna gani." Bana Mwansa akacheka juu ya ndoo yake mpaka ndoo ikateleza.

Yeye pia alikuwa na ombi lake. Chini ya milango tulitaka kuweka vyuma vya ubavuni, bomba nene la kuzuia mawe na visiki visiingie mu bodi. Papa Didier alisema libanwe karibu na bodi kabisa, lisionekane, njo uzuri wake. Bana Mwansa akakataa, "Awe mukwai. Muache nafasi ya mukono. Nitafunga mifuko ya samaki wapi? Na nikipanda nishike nini?" Papa Didier akanung'unika kwamba gari haiko kitanda cha kufungia kamba. Miye nikaandika maneno ya ule mama kichwani.

Ilikuwa wiki ile ile nikasikia ya upande wa pili wa bati. Ilikuwa jioni, nachambua majani. Papa Didier alisema, "Ziwa ikifunguliwa, tunarudia Lubumbashi. Macho imeisha. Mashine tutaiuzisha." Mama Odette akauliza, "Na mutoto?" "Fifi atakuja na siye." "Umemuuliza?" "Nitamuuliza nini? Atabakia hapa na nani?" Nikaacha majani. Sikutaka kurudia. Lubumbashi sikuijua, na Congo niliyoijua sikutaka kuiona tena. Hapa nilikuwa Fifi wa kusude, kule ningekuwa tena mutoto wa kuokotwa. Nilikasirika mpaka nikaona aibu. Wakati wa kula niliweka tonge yangu chini, nikasema moja kwa moja, "Papa, mashine musiiuzishe. Muniachie. Nitabakia, nitafanya kazi." Mama Odette akatazama sahani. Papa Didier akacheka kwanza, na niliposhindwa kucheka pamoja naye, akaanza kunawa mikono.

"Bon," akasema. "Gari ya Bashi Mwansa, uimalize weye. Toka mwanzo mpaka mwisho, miye sitie kidole. Tutaenda nayo Puta na tutarudi nayo. Ikirudi muzima, mashine ni yako, ubakie. Ikipasuka mahali hata pamoja, unafunga muzigo, tunaenda wote. Tumepatana?" Nikasema tumepatana. Nilikuwa na joto mwilini sawa na mutu wa malaria. Leo miye mwenyewe nina wanafunzi, na najua hakuna mwalimu anayemupa mwanafunzi mutihani wa namna ile, mu barabara ile, mu mvua ile. Lakini ule wakati niliona haki tupu.

Basi nikafanya. Kwa vyuma vya ubavuni nilichukua bomba la kisima lililokataliwa, nene, zito, na miguu yake sikuifunga kwenye bodi. Bodi ni bati tu, inakunjika. Niliifunga kwenye shasi, uti wa mugongo wa gari, kila muguu na kibati chake cha pembetatu nyuma, na nikaacha nafasi ya mukono kati ya bomba na mulango kama Bana Mwansa alivyotaka. Bampa ilinisumbua zaidi. Nilimunyima Bashi Mwansa urefu wa pua, nikakata kidevu cha bampa kiinuke juu ili mapira yakutane na kilima kwanza, lakini ncha nilimuachia, juu ya mutu aliyeuzisha mitumbwi yake yote siwezi kumunyima hata ncha. Pembeni, kwenye shasi, niliweka ndoano mbili nene za kufungia kamba gari ikikwama. Nikamupeleka Bashi Mwansa kumuonyesha: "Kamba ni hapa. Pua ni ya uzuri tu." Akaizunguka gari, akaguna, "Hii iko mudomo ya mbuzi, haiko pua ya bwato, ya mutumbwi." Lakini nilimuona akiipapasa ile ncha, mara mbili.

Tukaondoka Kashikishi asubuhi yenye mawingu. Bashi Mwansa na muke wake mbele, Papa Didier na miye nyuma pamoja na magunia ya chumvi. Mu mashimo ya kwanza bomba liligonga jiwe, nikasikia mlio ukinipanda muguuni mpaka mu meno, lakini halikutikisika. Mu korongo kidevu kilipita juu ya ardhi bila kugusa. Bashi Mwansa akapiga hodi kwenye kioo cha nyuma, akaonyesha kidole gumba. Papa Didier alikuwa ameshika ukingo wa gari, uso umekaza. Nikafikiri barabara inamuumiza mugongo.

Tukakwama mbele kidogo, mahali barabara inakaribia ziwa. Mvua ilikuwa imeleta muchanga mulaini, na gari ikakaa chini mpaka vyuma vya ubavuni vikalala juu ya muchanga. Bashi Mwansa akakanyaga mafuta, ikazama zaidi. Pale pembeni kulikuwa na wavuvi wengi, wamekaa bure kwa sababu ziwa lilifungwa, na kazi ilipofika wenyewe waliinuka na furaha. Mumoja alileta kamba ya mutumbwi. Nikapiga kelele, "Kwa ndoano! Kwa ndoano, hapa chini!" Nani alinisikia? Toka wazaliwe, wale watu wamevuta kitu kimoja tu, na kile kitu kinavutwa na pua. Bashi Mwansa mwenyewe, niliyemuonyesha ndoano na kidole, alikuwa wa kwanza kuzungusha kamba kwenye ncha. Wakaimba, wakavuta, na wakavuta upande, kuelekea maji, sawa vile wanazoea. Nilisikia mulio mufupi, kavu. Kila sudere anaujua. Ni chuma inapasuka.

Gari haikutoka. Mzee mumoja akasema kwa Bemba kwamba mutumbwi ukikataa kuvutwa unabebwa. Wakapanga mistari miwili, huku na huku, wakaingiza mikono mu nafasi ile aliyoitaka Bana Mwansa, wakashika lile bomba sawa na ukingo wa mutumbwi. Moja, mbili, wakanyanyua. Landikruza, mama yangu! Mapira yakatoka muchangani na muchanga ukidondoka, na watu wakatembea nayo kando kando, hatua ndogo ndogo, wakaiweka kwenye majani magumu. Bana Mwansa alipiga vigelegele mpaka akakauka sauti. "Nilisema! Nafasi ya mukono! Nilisema miye!" Miguu yote ya bomba kwenye shasi ilikuwa imeshika. Niliingia chini kuiangalia mumoja mumoja.

Lakini chini ya pua, mahali bati mbili zinakutana, kulikuwa na ufa. Haukuwa murefu. Ungeweza kuingiza ukucha. Bashi Mwansa alipiga magoti kando yangu, akauona, na alijua mapatano yetu, na macho ya Papa Didier pia, kwa sababu Kashikishi hakuna siri. Akashika udongo mulaini, akaupaka juu ya ufa na kidole chake kikubwa, vizuri kabisa, sawa na mutu anaziba mutumbwi. "Ni kosa yangu, mwana," akasema polepole. "Mzee haoni. Atapitisha mukono kwa juu tu. Nyamaza, ubakie na mashine yako."

Papa Didier alikuwa amekaa juu ya mutumbwi mumoja uliogeuzwa, anasikiliza kelele za watu, kofia yake imelowa. Nilimutazama. Sitasema nilifikiri mambo makubwa ya haki. Nilifikiri hivi tu: huyu mutu kwa mwaka muzima ameamini masikio yake na mikono yangu, hana kitu kingine. Nikaenda nikamushika mukono, nikamuleta mbele ya gari, nikapangusa ule udongo, nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya ufa. "Hapa, Papa," nikasema. "Imepasuka." Alikipitisha mara moja, toka mwanzo mpaka mwisho. Bashi Mwansa akaanza kueleza mambo ya kamba, kwa Bemba, kwa Kiswahili, kwa mikono, lakini Papa Didier alijibu tu, "Tulipatana," akarudi kupanda gari, anatafuta ukingo na mukono.

Puta tulifika, tukalala, tukarudi, na njia nzima hakuna aliyeongea isipokuwa Bana Mwansa, aliyemutukana bwana yake taratibu toka kilima mpaka kilima. Nilipofika nyumbani nilitoa mufuko wangu nikaweka nguo ndani. Zilikuwa chache. Nililia kidogo, kisha nikakasirika kwamba nalia, kisha nikalia tena.

Asubuhi yake nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya makaa, na mufuko kando yangu, niliposikia Mama Odette akipanga mbabula, jiko la makaa, upande ule. "Didier," akasema, "ulitaka ipasuke." Akapuliza moto. "Njia ile, mvua hii. Ulijua. Ulitaka ipasuke." Nikasikia kiti kikilia. Kisha sauti ya Papa Didier, ndogo sana, sijawahi kuisikia vile: "Ee. Nilitaka. Lubumbashi nani atanishika mukono, Odette? Weye uko na magoti mabaya. Nani atanisomea chuma? Yule mutoto njo macho yangu. Nitayaacha hapa namna gani?" Mama Odette alifunua sufuria. Maji yalikuwa yanachemka. "Amekamata kidole yako mwenyewe akakuonyesha ufa," akasema. "Alikuwa na kila kitu cha kupoteza. Weye sasa unamuficha nini?"

Nilikuwa nimejiona mutu wa kuhurumiwa, mutu wa kupewa chumba na bukari, na kila siku nilihesabu namna gani nitajilipia. Sikuwa nimewaza hata mara moja kwamba mu nyumba ile kulikuwa na mutu ananiogopa kunikosa. Nilitaka kupita lile bati, nimukumbatie. Lakini pia, na hii naisema bila aibu, nilitaka ile mashine. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu, na hakuna kimoja kilichomushinda mwenzake.

Papa Didier akagonga bati. "Fifi. Acha mufuko. Leta bageti, ufunge ule ufa kabla ya Bashi Mwansa kuja." Nikatoka. Nilisaga ule ufa mpaka chuma safi, nikaweka kibati nyuma, nikashika bageti, kile kijiti cha kusude, nikaanza. Alileta kiti chake karibu sana, karibu kuliko inavyofaa, akageuza uso pembeni na kutoa sikio. Niliposimama akasema, "Sasa imeshika." Kisha akasema, "Mashine inabakia." Nikauliza, "Na mapatano?" Akajibu kwa ukali, "Mapatano niliyaweka miye. Miye njo nayaondoa." Akavua kofia yake, akaikung'uta, akaivaa tena. Nilipotaka kumushukuru alinyoosha mukono kunikataza. "Bageti zisilowe," akasema. "Wakati wa mvua uziweke karibu na mbabula. Bon."

Waliondoka ziwa lilipofunguliwa, na boti ya kwenda Kilwa, ile ya Congo, ngambo ya ziwa. Mutaani kote palikuwa na kelele za watu wanaorudi kazini, mashine za boti, wamama na mabeseni. Bashi Mwansa aliwaleta na Landikruza mpaka karibu na maji, pua mbele. Mama Odette alipanda kwanza, akashika muzigo. Papa Didier alitembea na miye mpaka ubao wa kupandia, mukono wake juu ya bega langu, na pale akauondoa mwenyewe. Niliona muguu wake unatafuta ubao, unakosa, unaingia majini. "Kuume, Didier," Mama Odette akaita toka ndani ya boti, na ilikuwa mara ya kwanza namusikia akimuelekeza. Akapata ubao. Akapanda. Watu walimupisha akakaa, na boti ilipoanza kuondoka alifungua mudomo sawa na mutu anataka kuniambia kitu, akageuza uso wake upande wa kushoto, mahali nilizoea kukaa kando yake. Pale palikuwa na mwanamuke mwingine na kuku zake. Nilikuwa nyuma yake, muchangani, naita jina lake na nguvu zangu zote, na mashine ya boti ilikuwa na kelele kunishinda.